Nilidhani ni Sugu za Gitaa

Nawasalimu nyote, wenye vidole kumi vinavyofanya kazi na mliobakiwa na pungufu. Naitwa Atupele, ni msusi, napiga gitaa, na nimepona. Nilipoombwa kuandika ushuhuda huu niliambiwa niandike kwa upole ili msomaji apate faraja. Faraja ipo na nitaitoa. Upole sina. Ugonjwa wangu ulikaa waziwazi mkononi mwangu, watu wa kila aina wakaupita, na wengine wakanipa hongera kwa kuwa nao. Bado nina hasira, na sioni sababu ya kujifanya imeisha.

Nimezaliwa Mbeya, kwenye vilima vya juu ya mji, kwa wazazi wakulima wa viazi. Nyumbani tulisema Kinyakyusa, kwa majirani Kisafwa, shuleni Kiswahili. Nilikuja Iringa kwa shangazi nikiwa binti, nikajifunza ususi, na shangazi alipofariki nikabaki. Nikafungua saluni Kihesa, ndogo tu, kioo kimoja na viti viwili. Wateja walinifuata kwa sababu rasta zangu zilikuwa nyembamba na zinalingana. Nilikuwa na mikono mizuri. Sijisifu, ndivyo walivyosema wenyewe.

Jioni nilikuwa mtu wa kwaya. Usharika wetu sitautaja. Nilianza na sauti ya pili, baadaye nikahamia kwenye gitaa la rithim, kwa sababu mpiga solo wetu, Kaka Oswadi, aliniona ninavyotazama vidole vyake badala ya kumtazama mwongozaji. Oswadi ni Mhehe wa Kilolo, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa maneno machache. Alinifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu gitaa. Na mengine ambayo afadhali nisingeyajua.

Siku moja baada ya mazoezi alinionyesha video kwenye simu yake. Kilikuwa kikundi cha nje kinachopiga roki ile wanayoiita progresivu, ambayo wimbo mmoja unaweza kuanza umebandika maharage na ukaisha yameiva. Mwanzoni kulikuwa na kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, vijana wanakiita rifu. Nilikisikia mara moja tu nikajua nakitaka. Kilikuwa kinatembea kama mtu mwenye kibuyu cha maji kichwani, anayumba lakini hamwagi.

"Hicho hukiwezi kwa tyuni ya kawaida," Oswadi akaniambia. "Ona."

Akachukua gitaa langu, akaulegeza uzi mnene wa juu, kisha akazilegeza nyuzi mbili za chini, zile nyembamba. Akazipiga zote bila kubonyeza kitu. Likatoka vumi zito, pana, ambalo sikuwahi kulisikia kwenye gitaa lile. Mapigo ya rifu yenyewe hayakuwa manne wala matatu, yalikuwa saba. Nilichanganyikiwa hadi Oswadi akaniambia niseme maneno haya huku napiga: mama, chai, karibu. Ma-ma, cha-i, ka-ri-bu. Mawili, mawili, matatu. Nikayasema kila mahali, hata nikiwa nasuka, na wateja wakadhani nawakaribisha chai kweli.

Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa tamasha Mbeya, na Oswadi alitaka rifu ile iwe utangulizi wa wimbo wetu wa mavuno. Mbeya, nyumbani kwetu, mbele ya mama yangu. Nikaapa nitaipiga mimi.

Ugumu ulikuwa mahali pamoja. Kidole cha shahada kinabonyeza nafasi ya tatu kwenye shingo ya gitaa na hakitakiwi kuondoka, wakati kidole cha mwisho kinaruka hadi nafasi ya saba, kwenye uzi wa pili kutoka chini. Mkono unatanuka kama wa mtu anayetaka kubeba boga kwa kiganja kimoja. Vidole vilichubuka, vikatoa malengelenge, vikapasuka. Kila anayejifunza gitaa anayajua hayo maumivu, na kila mwalimu wa gitaa ana dawa moja tu ya kuyatibu.

"Vumilia," Oswadi alisema. "Siku vikiacha kuuma, ndio ushakuwa mpiga gitaa."

Basi vikaacha kuuma. Siyo vyote, kile cha mwisho, na nusu ya jirani yake. Vingine viliendelea kuuma kama kawaida, lakini mimi nilifurahia hicho kilichonyamaza. Nikampelekea Oswadi mkono wangu kama mtoto anayepeleka daftari lenye alama nzuri. Akakibana kidole kwa ile pliki ya plastiki ya kupigia.

"Unasikia?"

"Wala."

"Hongera, dada. Hiyo ndo sugu."

Hongera! Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Leo nikikumbuka natamani kupiga meza.

Sugu ni ngozi ngumu. Ngozi ngumu inakaa kwenye ncha ya kidole, pale inapogusana na uzi. Ganzi yangu ilikuwa imekamata kidole kizima, ubavu wa kiganja, na inapanda kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Mahali ambapo hakuna uzi wowote wa gitaa uliowahi kufika. Lakini nani angewaza? Kwa wapiga gitaa kutosikia ni cheo.

Wakati huohuo nilikuwa na baka nyuma ya mkono huohuo, juu kidogo ya kiwiko. Lilikuwa limepauka kuliko ngozi yangu, kavu, halitoi jasho hata nikiwa juani, na haliwashi. Nikaenda zahanati. Mhudumu akalitazama akiwa amekaa, mimi nimesimama.

"Fangasi hiyo. Utapaka asubuhi na jioni."

Nikapaka. Baka likabaki. Nikarudi, nikamkuta mwingine, naye akasema ni mafuta mabaya ninayopaka, niache. Nikaacha. Baka likabaki. Hakuna aliyeligusa. Nataka mlielewe hilo, ndugu zangu: hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole akagusa ngozi yangu na kuniuliza kama nasikia. Ingemchukua muda mfupi kuliko kuandika jina la ile dawa.

Kwenye gitaa mambo yakageuka. Kidole cha mwisho kikawa hakifiki. Nilikuwa nakiamuru, kinachelewa, au kinafika na kulala juu ya uzi bila kuubonyeza, na badala ya sauti unasikia tap, kama mtu anagonga kopo. Nikamwambia Oswadi. Akasema niongeze mazoezi. Nikaongeza. Nilikaa na gitaa hadi kiwiko kinawaka moto, nikakaza zaidi, nikakilaumu kidole, nikakipiga kwenye goti kwa hasira. Sikujua kwamba nakipiga kiungo kigonjwa.

Halafu ikaja siku ya maji ya moto. Wasusi wenzangu wanajua: ukimaliza kusuka rasta unachovya ncha zake kwenye maji yanayochemka, ili zisifumuke. Mteja wangu siku hiyo alikuwa Mwalimu Blandina, anafundisha sekondari Kilolo, anakuja kwangu kila akishuka mjini. Nikachovya ncha, nikazishika vizuri, naendelea kumsimulia habari za tamasha. Ghafla akaruka kwenye kiti.

"Dada Atu! Mkono! Mkono wako uko kwenye maji!"

Nikatazama. Kidole cha mwisho na ubavu wa kiganja vilikuwa ndani ya sufuria. Nilivitoa taratibu kabisa, maana sikuona haraka ya nini. Ngozi ilikuwa imepauka na kulegea, kama ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto tayari kunyonyolewa. Mwalimu Blandina alikuwa analia. Mimi sikusikia kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, na niliogopa kweli.

Lengelenge lilipasuka, kikawa kidonda. Kikatoa usaha, kikanuka, ukucha ukang'oka ndani ya bandeji bila mimi kujua. Nilienda kusafishwa zahanati kila baada ya siku chache, nao walikuwa wakikwangua nyama ya kidole changu kwa nguvu huku nikiwatazama kana kwamba wanakwangua sufuria.

"Mama ni mvumilivu kweli," muuguzi akasema. "Wanaume hapa huwa wanalia."

Hongera nyingine hiyo. Wakanichoma sindano za kukausha kidonda na wakanirudisha nyumbani. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, kama vinashikilia kitu ambacho mimi sikioni. Nikivinyoosha kwa mkono wa kulia vinanyooka, nikiviachia vinarudi. Tamasha likafika, kwaya ikaenda Mbeya, na rifu haikupigwa na mtu yeyote. Wimbo ulianza na kinanda.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Blandina. Alirudi akiwa hana hata nywele za kusuka, akasimama mlangoni mwa saluni.

"Nimelala na hiyo picha ya mkono wako hadi nimechoka," alisema. "Mtu haungui hivyo bila kusikia. Funga saluni, twende."

Tukaenda hospitali ya wilaya moja, na kwa bahati siku hiyo kulikuwa na tabibu wa kliniki ya kifua kikuu na ukoma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alinisikiliza habari za gitaa hadi mwisho. Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza, akapeleka vidole nyuma ya kiwiko, pale kwenye kishimo ambacho ukijigonga unasikia shoti. Akabonyeza. Nilipiga kelele.

"Kumbe hapa unasikia," akasema. "Shika na wewe. Huo mshipa wa fahamu. Unausikia ulivyonenepa?"

Nikashika. Ulikuwa mnene na mgumu kama kamba ya kiatu chini ya ngozi. Akanipa karatasi niibane katikati ya vidole viwili vya mwisho, akaivuta, ikatoka bila upinzani wowote. Akalitazama baka, akaligusa, nikasema sisikii, akatikisa kichwa. Akanichanja kidogo kwenye ndewe ya sikio akachukua majimaji yakapimwe.

"Nani alikuambia hii ni sugu?"

"Mwalimu wangu wa gitaa."

"Sugu haipandi hadi kwenye kiwiko, mwanangu. Huu ni ukoma."

Nilicheka. Naomba mnisamehe wenzangu mliougua, lakini nilicheka kwa sauti, kwa sababu nilidhani ukoma ni ugonjwa wa kwenye Biblia, wa watu wa zamani waliofukuzwa vijijini. Nikamuuliza, kwani bado upo? Akasema upo, na unaendelea kuwepo kwa sababu kila mtu anadhani haupo. Akanieleza bila kuzungushazungusha. Kuna vidonge, vya bure, nitameza mwaka mzima, na nikishaanza kumeza simwambukizi mtu. Vijidudu vitakufa, hilo hana wasiwasi nalo. Mshipa ndio suala. Ganzi ikikaa sana hairudi. Yangu haikuwa ya zamani sana, kwa hiyo angenipa vidonge vingine vya kutuliza uvimbe wa mshipa, na mimi nifanye mazoezi aliyonielekeza.

"Nitapiga gitaa tena?"

"Sijui," akasema. "Ungekuja wakati ule wa baka tu, ningekuambia ndiyo."

Hilo ndilo lililoniwasha. Siyo ugonjwa, ugonjwa hauna akili. Ni ile "ungekuja". Nilikuja! Nilikuja nikasimama mbele ya watu wenye makoti meupe, baka likiwa wazi, nikapewa mafuta ya fangasi.

Nikaanza kumeza. Siku ya dozi kubwa, ile unayomeza mbele ya mhudumu, mkojo unatoka mwekundu kama chai ya rangi; nasema ili usishtuke yakikukuta. Ngozi yangu ikawa nyeusi zaidi, usoni kuliko kwingine. Vile vidonge vya mshipa vikanivimbisha mashavu nikawa kama andazi, na njaa ikanishika hata nikiwa nimeshiba. Kiwiko kilikuwa kinapiga shoti nikigusa tu kona ya meza.

Tabibu alitaka kuja kanisani kuwaangalia wanakwaya wote, kwa sababu tulikuwa tunakaa pamoja saa nyingi kwenye chumba kimoja kisicho na hewa. Alikuwa na dawa ya kinga ya kuwapa. Ni jambo la kawaida, linafanyika. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Kikoti, akakataa.

"Wakija hao na mabegi yao, kesho mji mzima utasema kwaya ya wakoma," aliniambia nje ya mlango wa kanisa. "Wewe pumzika kwanza, mama. Tunakuombea."

Pumzika. Mnalijua hilo neno linavyotumika? Mtu hakufukuzi, anakupumzisha. Jioni ileile niliingia ndani kuchukua daftari langu la nyimbo, nikakuta vikombe vya chai vimepangwa mezani kama kawaida, na kikombe kimoja kimewekwa peke yake dirishani, kimefunikwa na sahani. Hakuna aliyesema ni cha nani. Mama, chai, karibu. Nikatoka bila daftari.

Gitaa langu lilibaki kwenye kabati la kwaya. Lililetwa saluni na msichana wa kazi wa Mama Kikoti, limefungwa kwenye mfuko wa sandarusi, limefutwa kwa spiriti hadi rangi imefifia. Oswadi alikuwepo walipokuwa wanalifuta, msichana mwenyewe aliniambia. Alisimama akatazama. Alinipigia simu mara nyingi baada ya hapo na sikupokea hata moja. Kati ya wote, yeye ndiye niliyemkasirikia zaidi. Wengine walikuwa hawajui. Yeye alikishika kidole changu, akakibana, akaniambia hongera.

Wateja wakapungua, wakaisha. Saluni ya mtu anayetajwa kwa kunong'onezwa haikai. Tabibu akaniandikia uhamisho, nikafunga mlango, nikapanda basi kwenda Mbeya kwa mama, gitaa langu likiwa bado kwenye sandarusi. Basi liliposimama Igawa nilishuka kumnunulia mama mchele. Muuzaji aliona nahangaika na kiroba kwa mkono mmoja, akaushika mkono wangu wa bandeji, akaniwekea mshikio wa mfuko katikati ya vidole, akaufunga kwa kamba usiteleze. "Pole, dada, safari njema," akasema. Hakujua. Nilirudi kwenye kiti nikalia hadi Chimala, kwa sababu nilikuwa nimesahau mkono wa mtu mwingine unakuwaje.

Kwa mama sikutaka kuficha. Nikamwambia mlangoni, kabla hajanikumbatia, nina ukoma. Akanitazama na huo uso wangu wa andazi.

"Umekula?"

"Mama, umesikia nilichosema?"

"Gwe, wewe, mimi si kiziwi. Nimekuuliza umekula?"

Akapakua ndizi na maharage kwenye sinia moja, akakaa upande wake, mimi upande wangu. Nikasita. Akanibamiza na mwiko begani.

"Mate yako nimeyafuta kwa kanga hii hujaota hata jino. Leo ndo nikuogope? Kula!"

Tukala sinia moja mchana ule, na kila siku baada ya hapo. Alimeza dawa yake ya kinga kliniki bila kuuliza maswali. Jirani mmoja alipoanza kupita mbali na ua wetu, mama alikuwa anamwita kwa jina kwa sauti kubwa na kumsalimia, ugonile, ugonile, mpaka anasimama na kujibu. Hasira yangu nimeirithi, mnaona.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kuchosha akili. Kulowanisha mkono kwenye maji yasiyo ya moto, mama akiyapima kwanza kwa mkono wake. Kupaka mafuta. Kuweka kiganja juu ya paja na kuvinyoosha vidole kimoja kimoja kwa mkono mwingine. Kukagua ngozi kama kuna jeraha, kwa sababu mkono usiosikia lazima uutazame kwa macho. Kila siku, hata siku ambayo huna hamu ya kuuona. Kwa muda mrefu hakikutokea chochote. Kisha asubuhi moja nikiwa namenya viazi kidole cha nne kikaniwasha. Kiliwasha, jamani! Nikaacha viazi nikamwita mama kutoka shambani, akaja anakimbia akidhani nimejikata.

Kidole cha nne kilirudi karibu chote. Cha mwisho kilirudi nusu: kinanyooka, kinasikia joto na baridi, lakini hakina nguvu. Nililitoa gitaa kwenye sandarusi, nikalegeza nyuzi zile tatu kama nilivyofundishwa, nikajaribu rifu. Shahada nafasi ya tatu. Cha mwisho kikaondoka kwenda ya saba, kikafika njiani, kikaanguka. Tena. Tena. Tap, tap, tap. Nililirusha gitaa kitandani.

Kilichonisaidia ni hasira, nasema ukweli. Nilikaa nalitazama lile gitaa, nikajiuliza nani alisema lazima kidole kiende hadi kule. Kwa nini sauti isije huku kidole kilipo? Nilikuwa nimefundishwa kulegeza tu. Nikaushika ule uzi wa pili kutoka chini, nikaukaza. Nikaupandisha hadi pale ulipokuwa kabla hatujaulegeza, nikapita, nikaongeza tena kidogo huku nimegeuza uso, maana ukikatika unachapa. Ulikatika. Nikaweka mwingine, mwembamba zaidi. Ukakaa.

Sasa ile sauti ya nafasi ya saba ilikuwa kwenye nafasi ya nne, chini ya kidole changu cha kati, kidole kizima, kisicho na historia yoyote. Vumi la nyuzi zote nalo likabadilika, likawa na uchungu fulani ambao kwenye ile video haupo. Nikapiga. Mapigo saba, yakazunguka, yakarudi. Mama aliingia akasimama mlangoni.

"Huo wimbo mbona umekasirika hivyo?"

"Ndivyo ulivyo, mama."

"Ndaga, asante," akasema, "basi piga tena."

Nilimaliza dawa, tabibu akanifungia faili, nikarudi Kihesa. Habari zikafika kwaya kwamba Atu amepona, mashavu yamerudi, anapiga gitaa. Mama Kikoti akaja na mkungu wa ndizi. Akasema sikukuu ya mavuno inakuja, nitoe ushuhuda, nipige na ule wimbo wangu.

"Ila mama, useme tu ugonjwa wa mkono," akaniomba. "Hilo jina usilitaje. Kuna wageni, kuna watoto. Mungu anajua ulichougua."

Nikamjibu nitaomba nipate hekima. Nilishapata.

Siku ile kanisa lilijaa, viazi na mahindi na kuku wamepangwa madhabahuni. Nikapiga rifu. Waumini walijaribu kupiga makofi, mapigo saba yakawapotosha, makofi yakatawanyika, wazee wakatazamana, na watoto wakacheka. Nilipomaliza nikashika kipaza sauti. Mama Kikoti alikuwa mstari wa mbele, ananitikisia kichwa kwa upole.

Nikasema: "Nimeugua ukoma."

Kuku akalia madhabahuni. Nikasema tena, kwa walioko nyuma. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mama yangu aliyekula nami sinia moja, Mwalimu Blandina aliyenifungisha saluni kwa nguvu, na yule tabibu aliyenishika. Nikasema, ukiwa na baka lililopauka lisilowasha wala kuuma, usikubali mtu alitazame kwa mbali. Mwambie aliguse, na asipotaka nenda kwa mwingine, piga kelele kama mimi, dawa ni bure. Kidole kikifa ganzi usimsikilize anayekuambia ni uzoefu. Na anayeugua usimpumzishe, mpe chai kwenye kikombe chochote. Nilisema mengine pia, makali, siyaandiki hapa. Mama Kikoti aliinamisha kichwa na hakukiinua hadi mwisho wa ibada.

Watu walipotoka kwenda kwenye mnada wa mazao, nilibaki kuweka gitaa kwenye mfuko. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa Kaka Oswadi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia tangu Mbeya, yote yamepangwa, nikageuka kuyaanza.

"Atu, usinitukane kwanza," akasema. "Yale uliyosema pale mbele. Ya kutosikia."

"Yamekuwaje?"

"Mimi sijasikia ncha za vidole miaka mingi. Nyuma ya mkono pia. Cheche za kuchomelea zikinirukia naziona tu. Nilijua ndo ufundi wenyewe." Akanyoosha mikono yote miwili. "Nilikufundisha nilichokuwa nakijua."

Nikamkalisha kwenye benchi la kwaya, nikamwambia ageuze viganja juu na afumbe macho. Nikatoa kipande cha pamba kwenye mkoba wangu, nikakisokota kikawa na ncha nyembamba.

"Nikikugusa, sema."

"Sawa."

Nikagusa kidole cha mwisho. Nikagusa cha nne. Nikapita kwenye ubavu wa kiganja hadi kwenye kifundo, taratibu. Nje walikuwa wanapigia mnada kuku, watu wanacheka. Oswadi alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri sindano.

"Anza basi, dada," akaniambia.

Nilikuwa nimeshaanza.